Skana Moja, Ofisi Nzima: Namna ya Kuitumia kwa Pamoja Bila Kugombana Wala Kupoteza Nyaraka

Wiki hii siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea skana, ile mashine ya kugeuza karatasi kuwa faili la kompyuta. Najua kuna mtu atasema bwana shamba kaishiwa maneno. Subiri kidogo.

Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mwaka huu umeambiwa "ambatisha PDF". Unataka kusajili kampuni BRELA: fomu unaijaza mtandaoni, unaichapa, mnaisaini, halafu mnaiskani na kuipandisha tena. Unataka kuuza mahindi kwenye taasisi ya umma kwa zabuni: kuna mfumo wa NeST ulioanza kutumika 2023, na humo taasisi zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana tukiwemo. Unataka mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu): ulisitishwa Aprili 2023, na uliporudishwa 2024 ukarudi na maombi ya kwenye mfumo. Chama chako cha ushirika chenyewe kinasimamiwa kupitia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kila mlango unaobisha unaulizwa nyaraka, na nyaraka zinatakiwa ziwe faili linalosomeka.

Sasa sisi wa huku, steshenari yenye mashine nzuri ni mpaka Mpanda. Piga hesabu tu ya mfano. Tuseme kuskani ni shilingi 500 kwa ukurasa na faili la kikundi lina kurasa 40. Hiyo ni 20,000. Weka nauli ya kwenda na kurudi, weka chakula, weka siku nzima umeacha palizi. Ukikosea ukurasa mmoja unarudia yote. Hapo ndo nikaanza kuichukulia skana kama pembejeo.

Nitawapa mfano mmoja ulioniuma. Msimu uliopita kikundi cha vijana kumi, wakulima wa alizeti na mahindi, waliandaa maombi ya mkopo. Walikuwa na kila kitu: katiba, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji wa kijiji, nakala za vitambulisho vya NIDA, andiko la mradi. Wakaenda kuskani sehemu fulani mjini, siitaji, wakalipa, wakapewa faili kwenye flashi. Katiba ya karatasi ilikuwa na kurasa 14. Faili lilikuwa na kurasa 13. Ukurasa uliokosekana ndio wenye majina na saini za wanachama. Mashine ilivuta karatasi mbili kwa mpigo na hakuna aliyehesabu. Maombi yakarudishwa wayarekebishe, wakati wanahangaika kupata nauli ya mara ya pili, dirisha likafungwa. Mvua hazikuwasubiri. Walipanda ekari nne badala ya ishirini walizokuwa wamelima tayari, zilizobaki zikaota majani. Vijana wawili wakaondoka kwenda machimboni, na mpaka leo hawajarudi kikundini.

Kwa hiyo chama cha msingi ninachokihudumia kiliponunua skana, nikasema hii lazima itumike na wote. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kununua mashine na kuitumia kwa pamoja ni mambo mawili tofauti.

Waya mmoja, kompyuta moja, mtu mmoja

Skana nyingi za bei ya chini zinakuja na waya wa USB. Unaichomeka kwenye kompyuta moja, inafanya kazi. Watu hudhani kwa kuwa printa ya USB unaweza kuiruhusu itumike na kompyuta zingine kwenye mtandao wa ofisi, basi na skana itakubali. Haikubali. Windows inakupa njia ya kushirikisha printa, lakini skana ya USB haina njia hiyo ya kawaida. Itabaki mali ya kompyuta iliyochomekwa.

Ndivyo ilivyotutokea mwezi wa kwanza. Skana ilichomekwa kwenye laputopu ya mhasibu, na mafaili yote yakawa yanaingia humo. Siku mhasibu kaenda Mpanda na laputopu yake, mikataba ya wakulima wa tumbaku iko kwenye begi lake, karani ana orodha ya makisio haijaskaniwa, na vijana wamekaa kwenye benchi nje na bahasha zao. Skana ipo mezani, inawaka taa ya kijani, haina faida kwa mtu yeyote. Mwenyekiti akaniuliza, "Afisa, hii mashine ni ya chama au ya mhasibu?" Swali zuri sana lile.

Njia za kutoka hapo ziko tatu. Ya kwanza ni kununua skana, au ile mashine ya kazi zote inayochapa, kutoa kopi na kuskani, ambayo ina tundu la waya wa mtandao au waifai. Hiyo inajitegemea, haihitaji kompyuta ya mtu. Kama bado hamjanunua, nunueni hii. Tofauti ya bei mtairudisha kwa nauli.

Ya pili ni kwa ambao tayari mna ya USB: tafuteni kompyuta ya zamani, hata ile iliyotupwa stoo kwa kuwa nzito, muweke mfumo wa Linux. Kuna programu ya bure inaitwa SANE, ndani yake kuna kipande kinaitwa saned kinachofanya kompyuta hiyo iwe mhudumu: skana inachomekwa hapo, na kompyuta zingine zenye SANE zinaiona kupitia mtandao wa ofisi. Angalieni kwanza kama aina ya skana yenu imo kwenye orodha yao, maana si zote. Inahitaji kijana mmoja mwenye moyo wa kompyuta. Kila kijiji siku hizi anaye.

Ya tatu ni ya kienyeji lakini haina aibu: kompyuta moja ya mezani, isiyo ya mtu, inakaa na skana siku zote, na folda ya mafaili ndiyo inayoshirikishwa. Unakuja, unaskani hapo, unarudi kwenye meza yako unalikuta faili lako. Kwa ofisi ya watu watano hii inatosha kabisa.

Mtandao wa ofisi si bando

Hapa vijana wengi wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nikisema skana ya mtandao mtu anajibu, "Lakini bwana shamba, huku bando linaisha hata kabla ya tarehe kumi." Bando halihusiki. Rauta ni kama kijiji, na intaneti ni barabara ya kwenda mjini. Barabara ikikatika na maji, watu wa kijijini bado wanatembeleana. Rauta ikiwa inawaka, hata kama haina bando wala laini ndani, skana na kompyuta zilizoungwa nayo zinaonana na mafaili yanapita bila kula hata MB moja. Intaneti utaihitaji pale tu unapolipandisha faili kwenye mfumo wa Serikali au kulituma kwa barua pepe. Hivyo skanini mchana kutwa bure, pandisheni usiku bando la usiku likiwa rahisi.

Kitu cha pili ni anwani. Kila kifaa kwenye rauta kinapewa namba yake, inaitwa anwani ya IP, mfano 192.168.1.20. Rauta huzigawa namba hizi yenyewe, na umeme ukikatika ukarudi inaweza kuzigawa upya. Hapo kompyuta zinazoitafuta skana kwenye namba ya jana zinakuta hakuna mtu, na ofisi nzima inatangaza kwamba skana imekufa. Haijafa. Imehamia nyumba nyingine. Na umeme wetu mnaujua. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, kukatika tumekuzoea kuliko kuwaka.

Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta, kutafuta orodha ya vifaa, na kuitengea skana namba yake moja ya kudumu. Dakika kumi tu. Halafu iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta na uibandike juu ya skana. Ofisini kwetu plasta hiyo imeokoa kelele nyingi kuliko kikao chochote.

Faili liende wapi?

Skana ya mtandao inakuuliza unataka kazi iende wapi: kwenye folda, kwenye barua pepe, au kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni. Kila moja ina mtego wake.

Folda ndiyo nzuri kuliko zote kwa ofisi. Kompyuta moja inakuwa ghala, ndani yake mnafungua folda ya kila idara au kikundi: Mikataba, Uhasibu, Ugani, Vijana. Kwenye skana mnaweka vitufe vya njia za mkato, unabonyeza "Vijana" na kazi inaenda huko. Lakini sikilizeni mambo mawili. Kompyuta hiyo isiwekwe kulala baada ya dakika kumi, vinginevyo skana itabisha hodi kwa mtu aliyelala. Na skana itengenezewe akaunti yake yenyewe kwenye hiyo kompyuta, yenye ruhusa ya kuandika kwenye hizo folda basi. Usiipe skana nywila ya bosi. Nimeona ofisi imefanya hivyo, na kila aliyejua kubonyeza mipangilio alikuwa na ufunguo wa kompyuta ya bosi.

Kama mmenunua mashine ya mtumba mtakutana na tatizo hili: mmeweka kila kitu sawa, nywila sahihi, folda ipo, lakini skana inasema imeshindwa kuunganishwa. Mara nyingi sababu ni umri. Skana za zamani zinatumia lugha ya kushirikishana mafaili inayoitwa SMB toleo la kwanza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la lugha hiyo na kufunga kompyuta za hospitali na viwanda duniani, Uingereza hata madaktari waliahirisha miadi. Kuanzia mwishoni mwa 2017 Windows 10 mpya zikawa zinakuja bila toleo hilo. Kwa hiyo skana yako inaongea lugha ambayo kompyuta imekatazwa kuisikiliza. Fundi wa haraka haraka atakwambia "naiwasha tu mara moja". Mkatalie. Kwanza tafuteni sasisho la programu ya ndani ya skana kwa mtengenezaji. Likikosekana, tumieni flashi, au ile programu ya mtengenezaji inayowekwa kwenye kompyuta na kuivuta kazi kutoka kwenye skana.

Barua pepe nayo ilikuwa rahisi zamani, unaweka anwani ya Gmail na nywila yake kwenye mashine, imeisha. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google walifunga njia hiyo kwa vifaa vinavyoingia kwa nywila tupu. Sasa inabidi akaunti iwashwe uthibitisho wa hatua mbili, kisha Google wakupe nywila maalumu ya herufi 16 kwa ajili ya mashine hiyo tu. Ndiyo unayoiweka kwenye skana. Na Gmail haikuruhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, jambo linalotupeleka kwenye uzito wa faili.

Uzito wa faili: hapa ndo bando linapoliwa

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi (kwenye mashine utaona herufi dpi) unakuwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Ukizidisha unapata karibu nukta milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, hiyo ni kama MB 26 kwa ukurasa mmoja. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama MB 1.1. PDF hubana sana hizo namba, lakini uwiano unabaki kuwa mkubwa.

Mtu akiweka nukta 600 kwa rangi akidhani anafanya ubora, amezidisha nukta mara nne. Halafu analaumu mfumo wa Serikali haupokei.

Mimi nawaambia hivi: barua, katiba, muhtasari, tumieni kijivu nukta 200. Kitambulisho, cheti, na chochote chenye mhuri wa bluu au picha, rangi nukta 300. Nyeusi na nyeupe tupu siipendi kwa nyaraka zetu kwa sababu mhuri uliofifia unapotea kabisa, na barua ya mtendaji isiyoonekana mhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Kama mfumo una kikomo cha ukubwa, soma kikomo kwanza ndipo uskani, si kinyume chake.

Na pale wanapotaka nakala iliyothibitishwa, peleka kopi kwa hakimu au wakili ikagongwe mhuri kwanza, halafu hiyo yenye mhuri ndiyo uiskani. Kila msimu kuna mtu anafanya kwa kurudi nyuma.

"Bwana shamba, si nipige picha na simu tu?" Kwa kurasa mbili tatu, sawa, tumia programu ya kuskani ya simu inayonyoosha kingo na kutoa PDF, siyo picha ya kawaida yenye kivuli cha mkono wako na ukili wa mkeka kwa nyuma. Kwa muhtasari wa chama wenye saini za watu sitini, hapana. Utachoka ukurasa wa kumi na mbili, na uchovu ndio unaoruka ukurasa.

Foleni, na nani anashika daftari

Skana inahudumia mtu mmoja kwa wakati. Kompyuta moja ikiishika, nyingine zinaambiwa kifaa kinatumika. Na kuna watu wanafungua programu ya skana asubuhi, wanaskani karatasi moja, wanaiacha wazi wakaenda kunywa chai. Wengine wote wamefungiwa nje na hawajui ni nani. Sheria yetu ofisini: ukimaliza, funga programu. Siku za makisio na mikataba ya tumbaku, karani ana kipaumbele asubuhi mpaka saa sita mchana, kwa sababu makisio yakichelewa hakuna pembejeo, na deni la chama benki linabebwa na wanachama wote. Mchana ni vijana na mimi. Mambo ya dharura, yaani yenye tarehe ya mwisho ndani ya siku mbili, yanapita mbele ya wote, hata mbele ya mwenyekiti. Alikubali, ingawa alinuna siku ya kwanza.

Awepo mtu mmoja anayewajibika. Si lazima awe fundi. Awe mtu wa kuhesabu. Daftari letu lina safu chache tu: tarehe, jina, aina ya hati, kurasa za karatasi, kurasa za faili, saini. Hizo safu mbili za kurasa ndizo dawa ya yaliyowapata wale vijana wa alizeti. Kabla ya kuskani, namba kila ukurasa kwa penseli kwenye kona. Baada ya kuskani, fungua faili, shuka mpaka mwisho, linganisha. Zikilingana unasaini. Zisipolingana unarudia hapo hapo karatasi zikiwa mkononi.

Majina ya mafaili nayo ni vita. "Skani001", "skani001 mpya", "skani001 mpya kabisa". Andika mwaka kwanza, mwezi, siku, kisha kikundi na aina ya hati: 2025-10-14 Vijana Alizeti Katiba. Ukianza na mwaka, kompyuta inayapanga yenyewe kwa tarehe. Usiandike namba ya NIDA ya mtu kwenye jina la faili. Jina la faili linasomwa na kila anayepita.

Vitambulisho vya watu si vya kuchezea

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Folda ya ofisi yenye nakala za NIDA za wanachama sitini, namba za simu, saini zao na akaunti za benki ni mali kubwa kuliko skana yenyewe. Tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Nane Nane ya 2022 pale Mbeya, taarifa za mkulima zina thamani ya mifuko ya mbolea. Mtu akizitumia kwa jina lako, wewe ukifika kwa wakala unaambiwa umeshachukua. Nimekaa na mama mmoja akilia kwa jambo hilo, ana ekari tatu za mahindi yenye rangi ya njano na mfumo unasema kashapewa mbolea.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake kwa ajili hiyo. Ofisi inayokusanya taarifa za watu inawajibika nazo: izitumie kwa kazi iliyozikusanyia, izilinde, isizigawe hovyo. Chama cha msingi kinakusanya taarifa. Kikundi chako cha vijana kinakusanya taarifa. Msijione wadogo.

Kivitendo ina maana gani? Folda ya Vijana ifunguliwe na viongozi wa vijana, folda ya Uhasibu na mhasibu, basi. Pasiwe na folda moja ya "Wote" inayojaa kila kitu. Kama lazima iwepo kwa kupokelea, isafishwe kila Ijumaa jioni. Flashi ya ofisi isitoke na mtu kwenda kusikilizia muziki. Waifai ya ofisi iwe na nywila, na wageni wanaosubiri kwenye benchi wasipewe hiyo hiyo. Na mkija kuiuza au kuitupa mashine, zingatieni kwamba baadhi ya hizi kubwa zina diski ndani inayohifadhi kazi zilizopita. Zifuteni kwanza kwenye mipangilio.

Karatasi halisi msizitupe. Faili ni la kutumia, karatasi ni ya kuthibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini ukienda kwenye mgogoro wa shamba utaulizwa ile yenye wino. Zihifadhini kwenye sanduku la bati, juu ya meza, mbali na ukuta, maana mchwa wa huku hawajui tofauti ya hati na gome la mninga. Na mafaili yawe na nakala kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, si kwenye droo ile ile chini ya kompyuta.

Matunzo

Wakulima wa tumbaku, osheni mikono. Ule ulimbo wa jani bichi ukishika karatasi, karatasi zinagandana, zinapita mbili mbili, na virola vya mpira vinavyovuta karatasi vinakuwa na utelezi. Futeni virola kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo kila wiki wakati wa msimu. Ondoeni pini zote, hata ile ndogo ya kona. Pepeteni karatasi kama unavyopepeta karata kabla ya kuzipanga.

Ukiona mstari mweusi mwembamba kutoka juu mpaka chini kwenye kila ukurasa, usiite fundi. Fungua kifuniko, angalia kile kioo chembamba pembeni ya kioo kikubwa, karatasi za kuvutwa zinasomwa hapo. Kuna kinyesi cha nzi au doa la gundi. Futa. Kwisha.

Umeme hauna shida kubwa. Skana ndogo inayokula umeme wa USB ya kawaida haizidi wati 2.5, rauta ni kama wati 10, laputopu ndiyo mlaji. Sola ndogo ya ofisi inavibeba vyote. Adui ni radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wingu likianza kunguruma upande wa mto Ugalla, chomoa waya wa umeme na pia waya wa mtandao, maana radi inapita humo nao. Watu huchomoa umeme wakasahau ule mwingine.

Gharama tumegawana hivi: chama kilinunua mashine, vikundi vinavyoitumia vinachangia kiasi kidogo kwa kila ukurasa, na hela hiyo inakaa kwenye kopo lenye daftari lake kwa ajili ya virola, flashi na bando la kupandishia. Wanachama wasio na kikundi wanachangia sawa na wengine. Mwenyekiti pia anachangia.

Wenye vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo, njooni Jumanne au Alhamisi mchana na karatasi zenu zikiwa zimeshanambwa kwa penseli. Wiki ijayo tunarudi shambani, kiwavijeshi ameanza kuonekana kwenye mahindi ya mapema na nina picha za kuwaonyesha.